Ngome ikashuka mpaka h1

Kwa karatasi ya peyaringi, ile ya kupanga nani anacheza na nani kwa tonamenti ya chesi, iliyobandikwa mlangoni jina langu lilikuwa kushoto na namba 1830 kando yake, kulia kulikuwa na jina la msichana na namba 1490, na kusema ukweli mimi nilisoma namba peke yake. Jina nilikuja kulisoma vizuri masaa manne baadaye, wakati naweka sahihi kwa karatasi ya matokeo.

Hii ilikuwa Agosti 2024, kwa ukumbi wa shule moja pande za Parklands, ile asubuhi ya baridi ya Nairobi ambayo jua linakataa kutoka mpaka saa sita na watu wanacheza na majaketi, vidole vimekufa ganzi. Tulikuwa 64. Kwa wale hawajawahi kucheza tonamenti ya chesi, mfumo unaotumika karibu kila mahali unaitwa Swiss na raundi yake ya kwanza si ngumu kuelewa, mnapangwa kwa retingi, yaani ile namba ya nguvu ya mchezaji, kuanzia wa juu mpaka wa chini kabisa, orodha inakatwa katikati, halafu wa kwanza wa nusu ya juu anapewa wa kwanza wa nusu ya chini, wa pili anapewa wa pili, hivyo hivyo mpaka iishe. Mimi nilikuwa namba 9 kwa hivyo nikapewa namba 41. Yaani raundi ya kwanza imetengenezwa makusudi iwe ya watu wasiotoshana. Kuanzia ya pili walioshinda wanakutana na walioshinda, walioshindwa na wenzao, na polepole kila mtu anafika kwa saizi yake. Lakini ile ya kwanza, hapo ndipo mtu aliyezeeka kwenye mchezo anakaa meza moja na mtoto aliyejifunza juzi, na mimi naipenda hiyo raundi kuliko zote. Nitafika huko.

Alikuwa na miaka kumi na moja. Sweta ya shule rangi ya damu ya mzee, mikono imerefuka mpaka inafunika vidole, penseli imefungwa kwa uzi shingoni ili isipotee, miguu ikining'inia kwa sababu viti vilikuwa vya watu wakubwa. Akanipa mkono, akasema "habari anko", mkono ulikuwa baridi kama chuma. Saa zilikuwa zimewekwa dakika tisini kila mtu na sekunde thelathini za kuongezewa kila ukicheza. Arbita, yaani refa, akasema tuanze, saa tatu unusu.

Hizi namba zetu zilitokana na kazi ya Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyezaliwa Hungaria na kuishi Marekani, na shirikisho la dunia, FIDE, lilianza kutumia mfumo wake 1970. Wengi wetu tunachukua retingi kama cheo, kama vile kanali na koplo, lakini Elo alikuwa anatafuta kitu tofauti kabisa, alitaka tofauti ya namba mbili ikuambie mtagawana pointi vipi mkikutana mara nyingi. Tofauti ikiwa 200, mwenye nguvu anatarajiwa kupata kama 0.76 kwa kila mechi. Ikifika 400 anapita 0.90. Yetu ilikuwa 340, na kwa jedwali la FIDE hiyo ni 0.88. Mimi siku hiyo nikaona 0.88 nikasahau kuna 0.12 imebaki, na hiyo 0.12 haijapotea popote, ni ya mtu, siku moja anakuja kuichukua kwa meza fulani.

Na hata hiyo 1830 sikuwa nimeitolea jasho mwaka huo. Machi 2024 FIDE waliona retingi za chini zimezama sana kuliko nguvu ya watu wenyewe, wakapandisha kila aliyekuwa kati ya 1000 na 1999, unaongezewa asilimia arobaini ya kile kilichobaki ufike 2000. Nililala 1717 nikaamka 1830 bila kugusa kete.

Basi nikafungua na d4 (miraba ya ubao inaitwa hivyo, herufi ya safu na namba ya mstari), akajibu d5, c4, e6, ufunguzi unaoitwa gambiti ya malkia iliyokataliwa, na hapo ni nyumbani kwangu, nimecheza hiyo nafasi miaka mingi. Nikabadilisha poni, zile kete ndogo za mbele, pale d5 na nikaanza ule mpango wa zamani ambao kila mtu wa d4 anaujua: upande wa malkia mimi nina poni mbili, a na b, yeye ana tatu, a, b na c, na ninazituma zangu mbili zikagongane na tatu zake. Kwa macho ni kama kutuma watu wawili wakapigane na watatu. Lakini vumbi likitulia anabaki na poni moja pale c6 ambayo hakuna poni nyingine inaweza kuilinda, na wewe unaleta ngome, unaleta malkia, unaleta farasi, unaikalia mpaka ianguke. Ni mpango usio na kelele. Na kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mtu wa 1800 na mtu wa 1500, wengi wanadhani ni kuona hatua nyingi mbele, hapana, hawa watoto wanaona mbali sana hasa wale waliokulia kwa drafti za barabarani na vifuniko vya soda, wanahesabu kuliko mimi. Tofauti ni kujua unaelekea wapi hata wakati hakuna kitu kinatokea. Yeye alikuwa anacheza vizuri, kila hatua ukiichukua peke yake ilikuwa sawa, lakini hazikuwa zinaenda mahali pamoja, zangu zilikuwa zinaenda c6.

Hatua ya 27 nikaila.

Baada ya hapo kete zikaanza kutoka kwa ubao, malkia zikaenda, farasi zikaenda, poni zetu za d nazo zikamalizana, tukabaki kila mtu na ngome moja, mimi poni nne upande wa mfalme na yeye tatu. Nikainuka nikaenda kuangalia meza zingine. Nilishaanza kuwaza raundi ya pili, nani atashinda pale meza ya 5, nikipewa yule nitamfungulia nini. Niliporudi alikuwa amesukuma poni yake ya h mpaka h5, na nyingine zikiwa f7 na g6, na hapo ndipo ningeamka kama ningekuwa naangalia, kwa sababu huo ndio mpangilio wenyewe wa kujilinda nne kwa tatu, huwezi kumsukuma kirahisi, na ukijaribu unalazimika kubadilishana poni na kila mkibadilishana yeye anakaribia droo. Mimi nikafikiria ni bahati tu, mtoto amesukuma poni.

Nisimamishe hapo kidogo nirudi nyuma, kwa sababu bila hii nyingine hiyo mechi haieleweki.

2016, tonamenti yangu ya kwanza, sina retingi yoyote, nimetoka Umoja asubuhi na matatu nikiwa na elfu moja mfukoni ambayo ni kiingilio na nauli na hakuna chakula. Raundi ya kwanza nikapewa mzee mmoja aliyekuwa na kibanda cha kurekebisha saa River Road, mtu wa karibu 2000. Nilikuwa na kete nyeusi. Alinibana polepole mpaka tukafika ngome kwa ngome, yeye na poni moja tu ya e, mfalme wangu amesimama e8 mbele ya hiyo poni. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba ngome ikae mstari wa sita. Nikaiweka h6, nikakaa. Mfalme wake d5, poni e5, ngome a7, hawezi kuingia ndani kwa sababu ngome yangu imefunga njia yote ya sita, na nikaona naam, nimeokoka. Halafu akasukuma poni e6. Na mimi nikabaki pale pale mstari wa sita, nikasogeza tu ngome mraba mmoja pembeni, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa ngome ikae hapo na hakuna aliyeniambia mpaka lini. Mfalme wake akaingia d6, kuna mati inakuja a8, yaani mfalme wangu anakufa, ngome yangu haiwezi kuizuia, mfalme akalazimika kukimbilia f8 na kuiachia poni njia, na hatua chache baadaye nikasimamisha saa, nimeshindwa.

Mzee hakuondoka. Alivuta kiti chake akaja upande wangu, si kukaa mbele yangu, kando yangu, akarudisha kete mpaka pale e6. "Kijana, hapa mfalme wangu alikuwa anataka nini?" Nikasema kuingia. "Na wewe ulimfungia mlango vizuri. Sasa nimesukuma poni. Ukianza kunipiga cheki kutoka nyuma nitajificha wapi?" Nikaangalia. Mahali pa kujificha palikuwa e6, na e6 imekaliwa na poni yake mwenyewe. Akachukua ngome yangu akaishusha mpaka chini kabisa, h1. Mfalme akienda d6, cheki d1. Akirudi e5, cheki e1. Akienda f6, cheki f1. Hakuna nyumba. Akaniambia hiyo inaitwa Philidor, Mfaransa wa karne ya 18 ambaye kazi yake nyingine ilikuwa kutunga muziki, aliiandika 1777, na akasema mtu asijiite mchezaji kabla ya kuijua. Dakika kumi hivi. Sikuwahi kucheza naye tena.

Sasa turudi Parklands. Tumebadilishana poni moja baada ya nyingine, nilijaribu kila mlango, na hatua ya 58 nikasukuma poni yangu ya mwisho kufika e5. Mfalme wake e8. Ngome yangu a7. Na yeye, bila kufikiria sana, akachukua ngome akaiweka h6. Halafu akaibonyeza na kidole juu, kama mtu anabandika stempu, akaandika, akaangalia saa, akaandika dakika zilizobaki kando ya hatua kwa namba ndogo ndogo.

Nilijua niko wapi. Nilikuwa nimekaa upande ule mwingine wa hiyo meza miaka minane kabla.

Akaniuliza kama nataka droo. Nikatingisha kichwa bila kumwangalia. Kukataa hakukuwa makosa, sheria inaniruhusu na mzee wangu pia angekataa, lakini kutomwangalia nilijutia siku hiyo hiyo. Nikaanza kuzunguka. Cheki a8, mfalme e7, cheki a7, mfalme e8. Mfalme wangu nikampeleka f5 kuifukuza ile ngome, ikateleza b6. Nikarudi d5, ikateleza g6. Nilikuwa nafanya kile ambacho mwenye retingi kubwa hufanya akiishiwa na nafasi, anacheza na wakati, anacheza na uchovu wa mwenzake, anangoja. Zile sekunde thelathini zinatosha kucheza lakini hazitoshi kupumua. Watu waliomaliza walikuja wakasimama, wengine mikono nyuma, wengine wanatafuna, na hakuna mtu anasema kitu. Mama mmoja amesimama kule mlangoni na mkoba kifuani, sikuhitaji kuambiwa ni mama ya nani.

Niliangalia ile penseli. Kila hatua aliandika, R yake, herufi ya ngome, ilikuwa na mguu mrefu unaingia mpaka mstari wa chini, na haikubadilika, hatua ya 60 na hatua ya 80 ni R ile ile. Mtu akianza kuogopa mwandiko ndio wa kwanza kusema. Wangu ulikuwa umeshasema.

Hatua ya 84 nikasukuma e6.

Hakugusa kitu. Mchezo huu ukigusa kete ni lazima uicheze, na mikono yake ilikuwa chini ya meza ndani ya zile mikono za sweta. Sekunde kumi. Kumi na tano. Niliangalia ile ngome mstari wa sita na najua aibu ya kusema hivi, lakini niliomba ibaki hapo, niliomba mtoto wa miaka kumi na moja akose kuambiwa kile mimi sikuambiwa. Mkono ukatoka, ukashika ngome kwa kichwa, ukaishusha mraba kwa mraba kama mtu anateremka ngazi, h5, h4, h3, mpaka chini. h1. Akabonyeza stempu yake.

Nilienda d6, akacheki d1. Nikarudi e5, akacheki e1. Nikajaribu f6, akacheki f1. Nikasimamisha saa nikampa mkono, droo. Saa saba na dakika arobaini.

Kwa hesabu ya retingi ile nusu pointi ilininyima 7.6, kwa sababu kigezo changu, namba inayozidishwa na tofauti kati ya ulichopata na ulichotarajiwa, ni 20, na yeye alipata 15.2 kwa sababu watoto chini ya miaka 18 kigezo chao ni 40, wanapanda haraka na kushuka haraka. Kwa hivyo kile alichopata si kile nilichopoteza, ni mara mbili yake, na mimi hiyo sheria naiona ya haki kabisa, mtoto anabadilika kila wiki na mimi nilishakauka.

Kuna mjadala huwa tunafanya na wenzangu wa klabu na ninataka niseme upande wangu waziwazi. Tonamenti nyingi siku hizi zinagawanywa seksheni, wenye retingi za juu kule, wanaoanza huku, na sababu wanazotoa ni nzuri, watoto wasivunjike moyo, wakubwa wasipoteze wakati, mechi ziwe za kutoshana. Naelewa. Kwa tonamenti kubwa za watoto wa shule hata naunga mkono. Lakini ukiigawa kila tonamenti unakata ile kamba ambayo maarifa hupitia. Hapa kwetu kocha ni ghali, kitabu cha chesi ni ghali, intaneti ipo ndiyo na imesaidia wengi sana, programu ya simu itakuambia hatua yako ilikuwa mbaya, lakini haitavuta kiti ikae kando yako ikuulize mfalme wangu alikuwa anataka nini. Kuvuka mto tu pale Uganda, Phiona Mutesi wa Katwe alifika Olimpiadi za chesi, na njia yake ilianza kwa mtu mzima aliyekubali kukaa na watoto wasiojua chochote. Mechi isiyotoshana ndiyo darasa pekee ambalo mlango wake unafunguliwa kwa kila aliyelipa kiingilio. Mimi nimetokea hapo. Na ninaomba wanaopanga tonamenti zetu waache angalau chache zikiwa wazi kabisa, 64 wote kwa orodha moja, ikatwe katikati.

Raundi ya pili ilikuwa saa nane, tulikuwa na dakika ishirini na hakuna hata mmoja wetu alikuwa amekula. Mama yake akaleta mandazi kwa karatasi ya gazeti, tukagawana. Nikamuuliza nani alimfunza ile ngome.

"Ni ticha. Huwa anatuwekea hiyo moja kila Jumamosi mpaka tunachoka. Bodi yetu ni ya karatasi, ngome ni kifuniko cha Fanta."

"Na poni za f7, g6, h5?"

"Hiyo pia ni ya ticha." Akafikiria kidogo. "Lakini ile ya c6 hakutuambia."

Basi nikarudisha kete mwanzo nikamwonyesha c6, poni mbili zinaenda kwa tatu, na mahali angeweza kunizuia, kabla sijafika na b5, na akaandika nyuma ya karatasi yake kwa R zile zenye mguu mrefu. Akaniuliza swali moja kuhusu farasi ambalo mpaka leo sina jibu lake zuri. Halafu, sijui kwa nini, nikafuta ubao nikamwekea ile ya 2016. Mfalme wa mzee d5, ngome a7, poni e6, mfalme wangu e8, ngome yangu h6. Nikamwambia hapa mimi ndiye nilikuwa na nyeusi. Sijamaliza kutoa kidole kwa kete tayari ngome iko h1.

Nikamwambia mimi sikuenda huko.

Akaniangalia, mdomo umejaa mandazi, akameza. "Kwani anko hukuwa na ticha?"

Arbita alikuwa ameanza kubandika karatasi ya raundi ya pili, watu wanasukumana mlangoni. Nikamwambia nilimpata siku hiyo hiyo, dakika moja baada ya kushindwa, alikuwa amekaa mbele yangu tangu asubuhi.